Vyungu vya Itongoni

Siku ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, cheti changu kiko ndani ya bahasha, miguuni nina viatu vyeusi alivyoniletea baba kutoka Mwanza. Nilikwenda kuripoti Bariadi, enzi hizo tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Bwana Shamba wa Wilaya hakuifungua ile bahasha. Alinipeleka nyuma ya ofisi, mahali palipomwagwa mafungu matatu ya udongo, akasema, "Vua viatu, binti. Fumba macho. Kanyaga."

Nikakanyaga. Fungu la kwanza lilikuwa la kichanga, lepesi, lenye joto. Hilo wenyeji huliita luseni, nalo hupenda karanga na viazi. La pili lilikuwa mbuga, udongo mweusi ambao masika humng'ang'ania mtu mguu, na kiangazi hupasuka hadi kwato ya ndama ikazama. La tatu lilikuwa ibushi, udongo wa kijivu wenye chokaa, mzuri kwa pamba. Nilikosea mara mbili. Bwana Shamba akavuta kiti, akaketi kivulini.

"Rudia mpaka uache kukosea," alisema. "Cheti utanionyesha baadaye."

Nilirudia mpaka saa sita mchana. Ndivyo nilivyoanza kazi ya bibi shamba, na nawaeleza vijana mnaosoma kilimo siku hizi kwa sababu mnaniuliza, kila mkija kunitembelea, kazi hii ilinilipa nini. Jibu langu haliko kwenye miaka niliyoajiriwa. Liko kwenye ile iliyofuata. Lakini lazima nianze huko nyuma, la sivyo hamtaelewa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ipililo, upande wa Maswa. Kazi ilikuwa pamba, na pamba ilikuwa na sheria zake. Mkulima alitakiwa apande kwa mistari, apunguzie miche ikiwa ingali michanga, na baada ya mavuno ang'oe mashina yote na kuyachoma, ili funza wa vitumba wasipate mahali pa kungojea msimu mwingine. Nilipita shamba kwa shamba na kamba yenye mafundo ya kupimia nafasi. Mkubwa wangu pale, Bwana Shamba wa Tarafa, alikuwa mtu mrefu asiyecheka. Alikuwa akiniambia, "Usimwambie mkulima amekosea. Mwombe akuonyeshe alivyofanya. Akiwa anakuonyesha, ataliona kosa mwenyewe." Maneno hayo yalinisaidia kuliko vitabu vingi.

Kutoka Ipililo nilihamishiwa Zagayu, na huko ndiko soko huria lilikonikuta. Sisi wa ofisini tulilisikia kwanza kwenye redio, kisha tukaliona. Yalikuja malori ya wanunuzi binafsi tusiowajua majina. Ghala la chama cha ushirika likafungwa, mizani ikaondolewa, ukabaki mnyororo ukining'inia kwenye boriti. Dawa na mbegu ambazo mkulima alikuwa akipewa mapema zikawa kitu cha kujitafutia dukani. Pikipiki yangu ilikaa miezi bila mafuta, kuku wakaizoea, mmoja akataga juu ya kiti chake. Nilitembea kwa miguu. Nikahamishwa tena, safari hii upande wa Mwamapalala, ambako mume wangu alikuwa akifundisha shule ya msingi. Sikumaliza hata misimu miwili pale, ikaja barua. Ilisema wizara inapunguza watumishi, na kwamba huduma zangu hazitahitajika tena.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Mwalimu, ndivyo nilivyokuwa nikimwita mume wangu, akaniuliza kama ni habari njema. Nikamwambia nimekuwa mama wa nyumbani.

Kijiji tulichokaa sitakitaja jina. Wajukuu wa watu nitakaowasimulia bado wanaishi pale, na hawana kosa.

Siku chache baada ya ile barua, nikiwa napepeta mchele, alikuja mwanamke mmoja pamoja na wenzake wawili. Alikuwa Mayu Kabula, mama wa makamo mwenye sauti kubwa, mzee wa kanisa. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mimi mwenyewe ni Msukuma wa Magu, kwa hiyo tulielewana haraka.

"Mwadila, Bibi Shamba," alisalimu.

"Mwadila, mayu. Lakini bibi shamba mwenyewe hayupo tena. Serikali imeniacha."

"Tumesikia. Serikali imekuacha, sisi hatujakuacha." Akakaa bila kukaribishwa. "Watoto wetu wanakula ugali kwa chumvi. Pamba imekula kila kipande cha ardhi, hata mlangoni. Kiangazi hapa hakuna jani la kijani. Tupo wanawake tisa, tunataka bustani. Hatuna cha kukupa."

Nilimwambia nitafikiri. Wakati nasema hivyo, tayari nilikuwa nikihesabu kichwani ni mbegu zipi zitavumilia.

Serikali ya kijiji ilitupa itongo. Itongo ni mahame, mahali palipokuwa na mji wa watu wakahama au wakaisha. Kwa mtaalamu hakuna ardhi bora kuliko hiyo, maana ng'ombe wamelala pale miaka na miaka na samadi imezama chini kabisa. Lakini watu huyaogopa matongo. Hili letu lilikuwa limezungukwa na ua wa minyaa iliyokua mirefu kupita kichwa, na ndani yake palikuwa kimya, kimya cha chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi. Mwenyekiti wa kijiji alituonyesha kaburi la mzee mwenye mji, penye lango la zizi la zamani, tukaliacha. Kisha akatuonyesha, juu kabisa kwenye kona, mawe matano yaliyopangwa.

"Na hili?" niliuliza.

"Hilo ni la mke wake, Ngolo. Lakini hamna mtu humo. Ni nguo tu."

Mayu Kabula ndiye aliyenieleza tukirudi. Yule mzee alikufa ghafla, na kabla yake walikuwa wamekufa watoto. Watu wakasema mke ndiye aliyewala kwa uchawi. Wakamchomea nyumba mchana kweupe. Ngolo alikimbia, na siku chache baadaye nguo zake zikaokotwa kando ya mto uliofurika. Wakalia msiba, wakazika nguo. Kabula alisimulia huku akitazama mbele, na nilihisi kwamba siku ile ya moto naye alikuwepo, ingawa hakusema, wala sikumuuliza.

Tukaanza. Mahali pakavu kama Simiyu matuta ya kuinuka hayafai, upepo huyanyonya maji yote. Tulichimba majaruba madogo, yaani vitanda vya kuzama chini kidogo ya usawa wa ardhi, ili kila tone likae. Tulifunika udongo kwa majani makavu, ndiyo matandazo. Nilitengeneza kitalu cha nyanya na kabichi, na mchicha tulisia moja kwa moja. Maji tulibeba vichwani kutoka lambo, bwawa la kunyweshea ng'ombe, mwendo wa karibu nusu saa. Wanawake walipalilia kwa kuimba, mmoja akitoa na wengine wakiitikia, kama wanavyolima watu wa kwetu. Kona ya juu, karibu na yale mawe, hakuna aliyetaka kuigusa. Nikailima mwenyewe, nikasia mchicha, na kusema kweli sikuwa nikienda kuumwagilia kila siku. Ilikuwa mbali, nami nilichoka.

Mchicha ule ndio uliostawi kuliko wote.

Kiangazi kilikaza, lambo likashuka, majaruba ya chini yakaanza kunyauka mchana. Kule juu majani yalikuwa mapana kama kiganja, na asubuhi udongo uliozunguka shina ulikuwa na unyevu. Niliwauliza wenzangu nani anamwagilia. Kila mmoja alidhani ni mimi. Kisha tukaona nyayo. Mguu wa kushoto ulikanyaga sawasawa, ila wa kulia ulikuwa unaburuta, umechora mstari kwenye vumbi. Zilitoka kwenye pengo la minyaa, zikafika kwenye mchicha, zikarudi. Magugu ya pale yalikuwa yameng'olewa na kulazwa mizizi juu, ili jua liyaue. Hivyo ndivyo ninavyofundisha, lakini hakuna niliyekuwa nimemfundisha bado.

Halafu likatokea la wimbo. Ilikuwa Jumatano, jua limepanda, tunapalilia nyanya. Kabula alitoa, sisi tukaitikia. Sijui kila mmoja alianza kusikia lini. Mimi nilisikia pale nilipovuta pumzi, nikagundua kwamba kiitikio kina sauti moja zaidi ya midomo yetu. Ilikuwa nyembamba, inafuata nyuma kidogo, kama mtu anayejifunza maneno. Kabula akanyamaza. Tukanyamaza wote. Ile sauti ikaendelea nusu ya mstari, peke yake, upande wa juu, kisha ikakatika.

Hakuna aliyepiga kelele. Tulikusanya majembe, tukaondoka kwa hatua za kawaida, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukimbia. Tulipofika njiani ndipo tulipotazamana, na niliona midomo ya Kabula imekuwa ya kijivu. Mimi ni Mkristo na nilikuwa mtaalamu mwenye cheti. Niliogopa kama wao.

Siku mbili baadaye nilirudi na wachache waliokubali. Nilitaka kujua unyevu ule unatoka wapi. Nikachimba taratibu kwa mkono pembeni ya mchicha, kidole kikagonga jiwe bapa. Nililiinua. Chini yake palikuwa na mdomo wa chungu, kimezikwa chote ardhini, nacho kimejaa maji hadi shingoni. Nilijiona uso wangu mle ndani. Hatua tatu kutoka hapo tulikuta kingine.

Nawaeleza kitaalamu, maana ndiyo kazi yangu. Chungu cha udongo hutoka jasho. Ukikizika na kukijaza, maji hupenya ukutani kidogo kidogo, na mizizi hulifuata lile jasho. Ni umwagiliaji usiopoteza tone. Lakini chungu hakijijazi. Maji yale, kwa hesabu yangu, yalikuwa yametiwa ndani ya juma lile. Niligeuka niwaeleze wenzangu hivyo, nikakuta nimebaki peke yangu.

Habari ikaenea kabla ya jioni. Wakasema itongoni kuna misukule, yaani watu waliochukuliwa na wachawi, ambao wote wanaamini wamekufa kumbe wanalimishwa. Wakasema kikundi chetu kimestawi kwa sababu hiyo. Watu wakakataa mboga zetu, wengine wakazimwaga. Baadhi ya wazee wakaenda kwa mfumu, mganga wa ramli, ambaye hakutaja jina la mtu. Alisema tu kwamba mwenye misukule ni mwanamke mwenye macho mekundu, anayekaa upande wa machweo.

Upande ule walikaa watu wengi, lakini mjane mwenye macho mekundu alikuwa mmoja, Mayu Limi, mwenzetu wa kikundi. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye utani, na macho yake yaliharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe, maana kuni hakuna na nusu ya wanawake wa kwetu hupikia hicho. Asubuhi moja alikuta karatasi imesukumwa chini ya mlango. Hakujua kusoma, akaniletea mimi. Iliandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa kubwa, kwamba ikifika siku ya mnada wa ng'ombe awe amehama au ajichimbie shimo.

"Wamesemaje?" aliniuliza.

Nikamsomea. Sikuweza kumdanganya.

Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Niende wapi, Bibi Shamba? Binti yangu ameolewa hapahapa kijijini. Nikikimbia watasema kweli. Nikikaa wataniua."

Nyie ni vijana, labda hamkumbuki. Vikongwe wengi wa kwetu waliuawa kwa mapanga kwa ajili ya macho yao. Haikuwa hadithi. Nilikwenda kwa mtemi wa sungusungu, kiongozi wa ulinzi wa kijiji, mzee aliyeitwa Maduhu. Alinisikiliza, kisha akasema, "Siku ya mnada tutakaa mkutano. Wewe niletee anayejaza vyungu. Usiponiletea, mimi sina neno la kuwazuia hawa watu."

Ilikuwa Jumamosi. Mnada ulikuwa Jumanne.

Nilitafakari. Siku za kazi tulikuwa bustanini sisi. Jumapili asubuhi hadi mchana kijiji kizima kilikuwa kanisani, na wasiosali walikuwa na mifugo mbali. Kama kuna mtu anayekuja, angekuja Jumapili. Nilimwambia Mwalimu asali kwa niaba yangu. Nilipofika itongoni nilimkuta Limi ameshatangulia, amejikunja nyuma ya minyaa.

"Rudi nyumbani, mayu," nilimwambia.

"Kama ni misukule yangu, acha nikaione," alijibu. "Nitaiambia hata shamba langu haijalima."

Hakuna nilichokichukia maishani kama kile kimya cha saa sita. Kivuli kilikuwa kimeingia chini ya miguu yetu. Ndege hawakulia. Kengele ya kanisa ilisikika mbali, kisha ikaacha, na baada ya hapo ilikuwa kama dunia imewekewa mfuniko. Nilihesabu majaruba ili nisifikirie. Ndipo nikasikia kitu kinaburuta kwenye majani makavu.

Akatokea mwanamke mzee kupitia lile pengo, ana mtungi kichwani, amevaa kaniki. Mguu wake wa kulia ulifuata nyuma kama kitu asichokuwa nacho haja. Alipita hatua tano kutoka kwetu. Aliketi kwenye mchicha, akaondoa jiwe, akamimina maji polepole, na alipokuwa anamimina midomo yake ilikuwa ikitembea. Limi alinishika mkono, kucha zikaingia nyamani.

"Ngolo," alisema. "Yule ni Ngolo. Nililia msiba wake. Nilinyoa nywele kwa ajili yake."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Yule mwanamke akageuka. Tukasimama, maana hapakuwa na lingine la kufanya.

"Mbona mnanitazama hivyo?" aliuliza kwa Kisukuma. "Nani amekufa?"

Limi akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mimi nikaketi chini kwenye mchicha.

"Usikalie hapo," Ngolo aliniambia, bila ukali. "Hapo amelala Kulwa. Pale ni Doto."

Walikuwa pacha, na surua iliwachukua ndani ya juma moja. Zamani watoto wadogo walizikwa na wanawake, karibu na nyumba, bila tuta wala mawe, kwa hiyo mwenyekiti hakujua. Ngolo alitueleza huku ameshikilia mtungi tupu mapajani. "Waliomba maji. Watu wazima waliniambia mtoto wa surua hapewi maji, atakufa. Nikawanyima. Wakafa wakiomba. Nikawazikia vyungu kichwani, kila mmoja na chake. Siku waliyonichomea nyumba niliumia mguu, nikavuka mto, zile nguo nilizivua kwa sababu zilinilemea. Nakaa ng'ambo, kwa ndugu wa marehemu mama, nyumba ya mwisho kabla ya pori. Huko wananiita Mama Mgeni. Nilikuwa nakuja mara moja kila kiangazi. Mwaka huu nikasikia majembe, nikawa nakuja kila Jumapili."

Mchicha ule nilikuwa nimeuchuma, nimeupika, nimemlisha Mwalimu na wanangu. Nikamwambia. Nikamwomba radhi, nikasema tutang'oa kila kitu.

Alishtuka. "Mng'oe? Miaka yote hii walikuwa peke yao hapa. Kuleni. Msipitishe plau tu."

Ndipo Limi alipomweleza kuhusu karatasi, mfumu na siku ya mnada. Nilijua tunamwomba nini. Tulikuwa tunamwomba mtu arudi kwenye mikono iliyomchomea nyumba. Ngolo alifunika vyungu vyote viwili, akajikokota kusimama.

"Jumanne saa ngapi?" aliuliza.

Mkutano ulikaa mbele ya ghala la ushirika lililofungwa. Watu walikuwa wengi, wametoka mnadani na fimbo zao, na vijana wengine walikuwa wamekunywa. Limi alikalishwa katikati, juu ya kinu kilichopinduliwa. Maduhu hakuwa amefungua kikao bado tulipotokea, mimi na Ngolo, tunatembea kwa mwendo wa mguu wake. Waliomtambua walirudi nyuma, wakakanyagana. Mama mmoja aliangusha beseni la dagaa. Maduhu aliketi chini mavumbini, mzima mzima, kama aliyekatwa miguu.

"Mwadila, Maduhu," Ngolo alisema. "Utanipa mkono au unaogopa?"

"Msukule!" alipiga kelele mtu nyuma. "Huyo ni msukule wake!"

"Msukule hukatwa ulimi," alijibu Ngolo, akautoa wote nje, kama mtoto anayetukana. Kuna waliocheka, hawakuweza kujizuia. Kisha akawaeleza habari ya pacha wake na vyungu, kwa maneno machache. Wanawake wengi pale walikuwa wamezika watoto wa surua. Niliona vichwa vikiinama kimoja kimoja.

Lakini kijana mmoja akasema, "Basi mchawi ni yeye mwenyewe. Tulikuwa tumekosea bibi tu."

Niliona fimbo zikibadilishwa mikono. Hapo akatoka Mayu Kabula, mzee wa kanisa, akapita katikati ya watu, akasimama bega kwa bega na Ngolo.

"Siku ile ya moto mimi nilibeba nyasi," alisema. "Nilizibeba kwa mikono hii. Leo atakayemtaka, aanze na mimi."

Wakaja wengine wa kikundi, mmoja mmoja, hata wale waliokimbia. Tukawazunguka wale wazee wawili, Limi na Ngolo. Sikuwa shujaa, nilisimama kwa sababu kila niliyemwita mwenzangu alikuwa amesimama. Maduhu aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda akampa Ngolo mkono.

"Mkutano umekwisha," alisema. "Nendeni nyumbani."

Ngolo aliomba jambo moja, arudishiwe nguo zake. Tukaondoa yale mawe matano, tukachimba. Mchwa walikuwa wamemaliza kila kitu isipokuwa pindo la kitenge, nalo lilikatika mkononi mwake. Tulipokuwa tunafukia, Kabula akamwuliza kwa nini alitutisha vile na wimbo.

"Wimbo gani?"

"Jumatano ile. Ulikuwa unaitikia nasi."

"Mimi sijawahi kuja Jumatano," Ngolo alisema. "Nakuja Jumapili, mkiwa hampo." Kisha uso wake ukabadilika. "Ilikuwa sauti ya mtu mzima, au ya mtoto?"

Limi akasema, "Ya mtu mzima, mwenzangu. Ya mtu mzima kabisa." Nilijua anadanganya, na Ngolo alijua, na hakuna aliyeliongelea tena. Nimesoma kilimo, sikusoma hayo. Ninachoweza kusema ni kwamba tuliendelea kuimba tukipalilia, na tulikuwa tukiacha nafasi kidogo mwisho wa kila mstari.

Kazi iliendelea. Ngolo alijiunga nasi, akatufundisha kuchagua chungu kinachotoka jasho vizuri na kukizika usawa unaofaa. Nikaibeba elimu hiyo kwa miguu hadi Zagayu, na mpaka Ipililo kwenye vikundi vingine, bila barua ya mtu. Afisa Kilimo mpya wa wilaya alikuja siku moja na daftari, akatembea kwenye kabichi, akauliza mradi huu mfadhili wake ni nani. Kabula akamwambia hayupo. Akauliza tena, akidhani hakusikia. Akaandika kitu, akaondoka na mafungu mawili ya mchicha. Nilijitolea hivyo mpaka mgongo ulipokataa kuinama, miaka mingi kuliko ile niliyoajiriwa, na siku niliyostaafu hapakuwa na sherehe. Walinipokonya jembe tu wakaniambia nikae kivulini niwasahihishe.

Mnaniuliza nililipwa nini. Nilikula mboga kiangazi. Mwalimu alipofariki sikuwasha moto jikoni kwangu siku nyingi, wale wanawake walipika. Nilijua njia za watu wengi, na watu wengi walijua yangu. Hofu pia ilibaki, siwafichi. Mpaka leo siwezi kukaa peke yangu saa sita mchana mahali pasipo na ndege. Lakini mkinibana sana niwape jibu moja, nitawapa la Mayu Limi.

Aliishi miaka mingi baada ya ule mkutano, macho yake yakizidi kuwa mekundu, hadi yakazimika. Alifariki asubuhi, kitandani kwake, mimi nikiwa nimekaa miguuni pake na binti yake akimlisha. Alionja kijiko kimoja, akasema mboga imezidi chumvi, akageukia ukutani akalala. Mchana tulikwenda na binti yake ofisi ya kijiji kuandikisha kifo. Mtendaji alikuwa kijana, lakini alikulia pale pale. Alifungua kitabu, akauliza chanzo cha kifo.

"Uzee," binti alisema.

Yule kijana aliinua kalamu kwenye karatasi, akatutazama.

"Uzee tu?"

"Uzee tu," tukamwambia.

Akaandika.